Kuta za Nyamizi

Tabora, 2 Desemba 1950

Shule ilifungwa jana. Nilitaka kulala mpaka jua litoke, lakini Sista Mkuu akaniita ofisini kwake. Nilimkuta na Mzungu mwembamba mwenye kikohozi, jina lake Bwana Hallam, anayetengeneza filamu kwa ajili ya ofisi moja ya serikali. Anatafuta mwanamke anayejua Kinyamwezi na Kiingereza, ambaye anaweza kuingia uani kwa wanawake bila kuzusha maneno. Sista amenitaja mimi, Mwalimu Flavia.

Filamu yenyewe inamhusu mwanamke anayesemekana alifariki mwaka jana katika msitu wa Usinge. Kule kuna kijiji kitupu, Kasungwa, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Serikali iliwahamisha watu wake kwa sababu ya malale, wakapewa mahali karibu na stesheni ya Usinge. Baada ya wao kuondoka, mwanamke huyo alirudi akachora kuta za nyumba walizoziacha. Bwana msitu alizikuta akapiga picha. Nimeziona leo. Watu wamechorwa kwa udongo mwekundu, mweupe na masizi, wakubwa kama watu wenyewe, wamejitwika mizigo, wanatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nilizitazama mpaka Sista akaguna.

Hakuna anayejua alikufaje. Jina lake waliniambia ni Nyamizi.

4 Desemba

Mama hapendi. Anasema msichana hatembei porini na Mzungu. Nimemwambia yuko pia Elieza, mpiga picha msaidizi, Mmoravia wa Sikonge, mwenye mke na watoto. Mama akajibu kwamba hilo halikumtuliza hata kidogo.

Usinge, 7 Desemba

Tulikuja kwa gari moshi, mashine zetu zikiwa kwenye behewa la mizigo. Kutwa nzima nimeuliza habari za Nyamizi na kila mtu ana zake. Mama mmoja alisema aliliwa na simba. Mwingine alisema yuko hai, ameolewa Kongo. Jumbe Masolwa, ambaye ndiye aliyewaongoza watu walipohama, alisema alikuwa mwanamke mwema ila hakuwa na kwao, kisha akaomba radhi kwamba ana kazi. Mzee mmoja kilabuni alininong'oneza kwamba alikuwa mchawi, na kwamba aliyechorwa ukutani hufa. Nilimuuliza kama yeye amechorwa. Akasema ndiyo, tena vizuri sana.

Alikuwa na mume, Mzee Luhende. Tulimkuta anasuka mkeka mbele ya nyumba yake. Ni mtu mrefu, mguu mmoja umevimba, anatembea kwa fimbo. Nilimwamkia akaitika kwa upole. Nilipomtaja mkewe aliendelea kusuka. Alisema mkewe aliondoka kwenda kuwasalimu ndugu zake akafia huko. Bwana Hallam akataka nimuulize ndugu gani, wako wapi. Nikamuuliza. Akasema amesahau.

Ninavyoona mimi, mzee huyu anaficha kitu, na sipendi anavyokificha.

9 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Hatukutoka.

11 Desemba

Leo tumefika Kasungwa. Msitu umefungwa, lakini tuna kibali, na dresa wa zahanati ametuagiza tuvae nguo ndefu na tujikague tukitoka. Mzee Luhende alikubali kutuonyesha njia. Gari la idara ya misitu lilitufikisha nusu ya njia, tukamalizia kwa miguu, ndorobo wakituuma juu ya nguo hizo hizo ndefu.

Sijui niandike nini. Picha za bwana msitu hazikuonyesha lolote. Kijiji ni tembe ndefu zilizopangana kufuata barabara ya kale, na watu waliochorwa wanatembea kuelekea Usinge, ukuta kwa ukuta, kama msafara. Kuna mwanamke aliyebeba jiwe la kusagia kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto ametazama nyuma. Kuna mzee anayebebwa na wanawe kwa machela. Kuna mtu amebeba mlango wa nyumba yake. Nywele, shanga, mikunjo ya nguo, vyote vimechorwa kwa mistari myembamba mno, kama hina kwenye mkono wa bibi harusi.

Nilidhani ni watu wa kubuni. Mzee Luhende alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akigusa nguzo, kama mtu anayebisha hodi, na kila alipogusa alitaja jina. Ndipo nikaelewa. Kila nyumba imechorwa wenyewe wake, wale waliokuwa wakikaa humo, siku walipohama.

Nyumba kadhaa zimekwisha kuanguka. Zilizosimama zina nyasi zilizoezekwa juu ya kuta ili maji yasizipige, nyasi za mwaka juzi, zimeoza. Nilimuuliza mzee ni nani aliyeezeka. Akasema hajui. Lakini alikuwa ameshika unyasi mmoja uliolegea, anauchomeka mahali pake.

13 Desemba

Tumepiga picha tembe tatu za kwanza. Bwana Hallam ana haraka, ananikera. Alimtaka Mzee Luhende asimame mbele ya ukuta, atazame chini kwa huzuni, kisha arudie. Mzee alirudia mara moja, mara ya pili akaenda zake kukaa kivulini. Sikumfuata kumwita.

14 Desemba

Mawingu. Elieza ameimba nyimbo za kanisani kwao kutwa nzima.

17 Desemba

Mvua ilitukuta Kasungwa mchana. Upepo ulikuja kwanza, ukang'oa nyasi za tembe ya jirani, kisha maji. Tulikimbilia chini ya turubai lililofunika mashine. Mbele yetu ulikuwa ukuta wa yule mwanamke mwenye jiwe la kusagia, na maji yalikuwa yameanza kuteremka kutoka juu, mekundu.

Bwana Hallam alilitazama turubai, akautazama ukuta. Alisema neno ambalo sitaliandika. Kisha akavua koti lake akaifunika kamera, akamwita Elieza, wakalifungua turubai wakaenda kulitandaza juu ya ukuta, mmoja huku, mmoja kule, wameinua mikono. Mzee Luhende aliitupa fimbo yake akaenda kushika katikati. Nami nikashika. Tulisimama hivyo mpaka mvua ilipokatika, tumelowa hadi mifupani, Bwana Hallam akikohoa kama mbuzi.

Ukuta ule ulipona. Kuta mbili za nyuma ziliyeyuka tukiwa tunatazama.

Tulipokuwa tunarudi mzee alitembea karibu na Mzungu. Sijamsamehe Bwana Hallam yote, lakini kwa koti lile nimemsamehe mengi.

19 Desemba

Tumegombana. Mzee Luhende ameniambia kwamba yuko tayari kuzungumza nami, mimi peke yangu, bila mashine. Bwana Hallam alipendekeza tuiweke mashine ya kunasa sauti nyuma ya ukuta wa nyasi, mzee asiione. Alisema ni kwa faida ya kweli. Nikamwambia kama ni hivyo arudi Tabora atafute mwalimu mwingine. Alimwambia Elieza aitie mashine sandukuni na afunge sanduku. Usiku huu amekula peke yake.

20 Desemba

Leo Mzee Luhende amenieleza. Tulikaa nyumbani kwake, amefunga mlango, mvua inanyesha nje. Naandika kama nilivyosikia.

Alikutana na mkewe zamani za Wajerumani, reli ilipokuwa bado inajengwa. Yeye alikuwa kijana mpagazi akitoka Tabora kuelekea Ujiji, katika misafara ya mwisho mwisho. Siku ya pili ya safari waliona msichana anawafuata kwa nyuma, hana mzigo, viganja vyake vimekolea hina. Wapagazi walimfukuza, akakaa mbali kidogo, wakiondoka anafuata. Luhende alimpa maji. Alimuuliza jina, msichana akasema amwite apendavyo. Alipomfikisha Kasungwa, mama yake Luhende ndiye aliyempa jina la Nyamizi. Baada ya miaka mingi ndipo alipomwambia mumewe kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Zamda, na kwamba alilelewa Isevya, mjini Tabora, katika nyumba ya Waarabu, pamoja na binti yao Fakhria. Mama yake Zamda alikuwa mjakazi wa nyumba hiyo na ndiye aliyewanyonyesha wote wawili. Fakhria alipoposwa, wakubwa waliamua kwamba Zamda atakwenda naye kwa mumewe, awe mtumishi wake. Usiku wa harusi alimpaka mwenzake hina, na kabla ya alfajiri akatoka.

Mzee alisema, "Aliniambia hawezi kufua nguo za dada yake na kumwita bibi. Akiwa mbali ataendelea kuwa dada yake."

Hawakujaliwa watoto wa kuishi. Alipaka rangi kuta za nyumba yao, watu wakapenda, akaitwa kupaka nyumba za maharusi. Basi serikali ikaja, ikawahamisha. Waliondoka siku moja, kijiji kizima. Nyamizi alihama pamoja nao, akajenga, akalima. Lakini alisema hawezi kuzisahau nyumba, zimeachwa kama maiti isiyooshwa. Akaanza kurudi. Mumewe alimfuata akawa anamkorogea udongo na kuezeka nyasi. Walikwenda kwa kuiba, msitu ukiwa umefungwa.

Ndorobo wakampa malale. Alikwenda zahanati mwenyewe, akachomwa sindano kwa muda, homa ikapungua. Kisha akaanza kuona ukungu. Dresa hakumficha. Alimwambia dawa hiyo wakati mwingine huua macho, ila akiiacha, malale itamuua yeye. Nyamizi alirudi nyumbani. Kesho yake hakwenda kuchomwa.

Nilimuuliza mzee kama alimkataza.

"Nilimkataza, nikalia, nikamwambia nitambeba mgongoni mpaka zahanati," alisema. "Akaniambia, 'Luhende, macho ndiyo yanayonitoa nyumbani asubuhi. Nikiyapoteza nitabaki nimekaa tu, nawaza watu ambao sijawachora.' Mwanangu, ningefanya nini? Nilimkorogea udongo."

Alimficha katika tembe ya mwisho. Watu aliwaambia kwamba amesafiri. Alimpelekea chakula, akamshika mkono ulipoanza kutetemeka ili mstari unyooke. Mwishoni alikuwa analala mchana kutwa na kusema na watu wasiokuwepo. Alifariki ukuta wa mwisho ukiwa na udongo mweupe tu, haujachorwa. Alimzika mle ndani, peke yake, bila sanda ya dukani, bila mtu wa kuitikia dua.

Anaogopa mambo mawili. La kwanza ni kushtakiwa kwa kumficha mgonjwa. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni watu kusema kwamba yeye ndiye aliyemuua mkewe kwa kumwachia. "Nami mwenyewe," alisema, "kuna siku nasema hivyo hivyo."

Nilikuja Usinge nikimhesabu kuwa mwongo. Nilipomuaga nilipiga magoti, na sikupiga kwa desturi tu.

21 Desemba

Nimemwambia Bwana Hallam yote, kwa ruhusa ya mzee, kwa ahadi kwamba hayatatoka mpaka mzee atakapotaka. Amesikiliza bila kuandika. Tulipopiga picha tembe ya mwisho, alisimamisha kamera mlangoni, hakuingia.

25 Desemba, Tabora

Noeli. Nimekula wali wa Mama mpaka nikashindwa kusimama.

Tabora, 3 Januari 1951

Nimekwenda Isevya kwa Bibi Fakhria, kwa idhini ya Mzee Luhende. Ni mjane, amekonda, ana macho makali. Alinipokea vizuri, kahawa na halua, mpaka nilipotaja jina la Zamda. Akasema nyumba yao ilipitiwa na watumishi wengi, hawezi kuwakumbuka wote. Nikaona niage.

Njiani nilimlaani kimoyomoyo. Mtu aliyenyonya naye ziwa moja.

9 Januari

Nimerudi. Sikutaka, ila niliona si haki Bibi asisikie. Nikamwambia neno lile la Zamda, kwamba akiwa mbali ataendelea kuwa dada yake.

Aliweka kikombe chini. Kisha akaniomba nirudie, nikarudia.

"Miaka yote hii," alisema, "mimi nilijua amenichukia. Niliamka bibi harusi, mikono imepambwa, yeye hayupo. Nikasema huyu hata kuniaga hakutaka. Nikakataza jina lake lisitajwe mbele yangu."

Aliniuliza alikufa vipi, nikamweleza. Aliniuliza kama mumewe alikuwa mtu mwema, nikamwambia ni mtu mwema. Ndipo alipolia, bila sauti, amejifunika ushungi.

20 Januari

Shule imefunguliwa. Elieza ameniletea habari kwamba barabara ya Kasungwa haipitiki tena, na mtu wa misitu aliyefika huko anasema nusu ya tembe zimelala chini.

10 Februari

Bibi Fakhria amekubali tupige picha ya mikono yake tu, akichora mitindo ile waliyojifunza pamoja utotoni. Mwanaume haingii. Basi Elieza alinifundisha kwenye uchochoro kuzungusha ufunguo wa kamera ndogo, kama wa saa, na kubonyeza. Niliingia nayo mwenyewe kwa Bibi. Alichora jani moja mkononi mwa mjukuu wake, akasimama, akasema Zamda alikuwa akilimaliza kwa kulipinda hivi. Nami nikalijua jani lile. Nililiona kwenye nguo ya mwanamke mwenye jiwe la kusagia.

24 Februari

Mvua. Madaftari ya kusahihisha.

10 Machi

Filamu zimerudi kutoka Uingereza zimeoshwa, na pamoja nazo maneno ambayo ofisi inataka yasomwe juu ya picha. Mimi ndiye wa kuyasoma kwa Kiswahili. Nimeyasoma nikiwa nimesimama. Yanasema kwamba palikuwa na mwanamke mjinga aliyekaidi amri ya serikali, akarudi porini kwa ushirikina wake, akafa kwa malale (hilo wamelitoa zahanati), na kila mwenye akili ajifunze kwake.

Nimemwambia Bwana Hallam kwamba sitasoma. Nilikuwa tayari kugombana, lakini alikuwa amechoka. Alisema ofisi ndiyo iliyolipia filamu hii, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa wanataka filamu ya malale, akadhani ataweza kuwapitishia kitu kingine chini yake. Amewaandikia mara mbili. Wamemjibu kwamba asiposoma Flavia atasoma mwingine.

Nikamuuliza kama watu wa Kasungwa watapata kuiona kabla haijakatwakatwa. Akanitazama kana kwamba nimemwamsha.

Usinge, 29 Machi

Tulifika jana na mashine ya sinema na jenereta. Leo magharibi, mvua ikiwa imetupa nafasi, tulitundika shuka mbele ya nyumba ya Jumbe Masolwa. Watu walijaa, wengine juu ya miti. Mzee Luhende alikuja mwishoni akasimama nyuma kabisa. Asubuhi nilikuwa nimemuuliza niseme nini juu ya picha, akasema niseme ninachojua ila nisimtaje yeye.

Nilianza kusema. Nilisema jina la Nyamizi na nyumba alizotoka. Kisha ukuta wa kwanza ukatokea kwenye shuka, na mwanamke mmoja akasema, taratibu tu, "Ni sisi."

Baada ya hapo sikupata nafasi, wala sikuitaka. Walitajana. Kila aliyepita alipewa jina na watu wa kila upande, na alama zake, na alichokuwa amebeba. Yule mtu mwenye mlango alichekwa, naye alikuwepo akacheka zaidi. Alipotokea mzee aliyebebwa kwenye machela, wanawe wakavua kofia, kwani alifariki mwaka ule ule waliohama. Mama mmoja alisogea mpaka kwenye shuka akaweka kiganja juu ya mtoto anayetazama nyuma, na yule mtoto akawa juu ya mkono wake.

Picha ilipofika tembe ya mwisho, mlango mweusi, hakuna mchoro, watu wakauliza hiyo ni ya nani. Nilinyamaza.

Mzee Luhende akapita katikati ya watu kwa fimbo yake, akasimama kwenye mwanga, picha ikamwangukia kifuani. Alisema, "Yumo humo. Nilimficha mimi, nikamzika mimi. Sikumpeleka kwenye dawa. Jumbe, kama ni kunipeleka bomani, nipo."

Elieza alizima mashine. Nilisikia jenereta tu.

Jumbe Masolwa aliinuka. Nilimwogopea mzee. Jumbe alisema, "Luhende, ulikuwa unakuja kwa mke wangu kuomba unga. Mtu mmoja ukiomba unga wa wawili. Mke wangu aliniuliza, nikamwambia ampimie. Unafikiri tulikuwa hatujui?"

Mwanamke mwingine akasema asali ile aliyokuwa akiikuta penye njia panda haikuanguka yenyewe. Mwingine akasema na chumvi.

Mzee Luhende aliiachia fimbo yake. Nilimwona anatafuta pa kukaa, na watu wakamkalisha.

30 Machi

Bwana Hallam ameamua kuiambia ofisi kwamba jina lake lisiwekwe kwenye filamu watakayoitoa. Hii tuliyoiona jana, nzima, ameahidi kuitengenezea nakala kabla hajaipeleka. Sijui kama wataiachia. Ameniomba niisome barua yake kabla hajaituma, nikamsaidia maneno.

Gari moshi linaondoka mchana. Asubuhi nilikwenda kumuaga Mzee Luhende. Nilidhani nitamkuta na mkeka wake. Nilikuta uwanja umefagiliwa na watu wameketi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wengine bado wanaingia na kuni na sufuria. Mke wa jumbe alikuwa amevaa kaniki, anawasha moto. Nilimuuliza kuna nini.

"Tumekuja kwenye msiba," alisema. "Nyamizi amefariki."

Akanisogezea nafasi, nikakaa.